Testi imetoka safi, barua haitoki: jinsi ya kupima printa bila kudanganywa na karatasi ya majaribio

"Testi inatoka vizuri kabisa, ila nikiprinti barua hakuna kitu." "Kompyuta imeandika imemaliza, karatasi iko wapi?" "Testi ina rangi zote, mbona picha za pasipoti zinatoka na sura za kijani?" Maswali haya matatu hayaishi, na kila mara jibu linaanzia mahali pamoja: ile karatasi ya majaribio uliyoitoa haikupima kile unachodhani imepima. Nimeweka hatua zote hapa ili usiendelee kununua katriji mpya kwa tatizo ambalo si la katriji.

Mwongozo huu ni wa printa za kawaida za ofisini na steshenari, za wino wa chupa au za tona, zinazotumika na kompyuta za Windows au Linux. Wenye Mac mnaweza kufuata pia, kwa kuwa macOS inaprinti kwa mfumo wa CUPS, sawa na Linux.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta ile ile inayogoma, ikiwa imefunguliwa kwa akaunti ya mtu yule yule anayelalamika. Kupima kwa laptop yako mwenyewe hakusaidii kitu.
- Faili lile lile lililogoma. Usikubali kupewa "lingine linalofanana nalo".
- Karatasi za A4, kama ishirini hivi. Zilizotumika upande mmoja zinafaa kwa hatua za mwanzo, lakini usizitumie kupima rangi.
- Kebo ya USB, hata kama printa inatumia WiFi.
- Rula na kalamu. Kalamu ni ya kuandika pembeni mwa kila karatasi imetoka wapi na saa ngapi. Ukishatoa karatasi ya tano zote zinafanana, na hapo ndipo watu hupotea.
- Nywila ya msimamizi wa kompyuta.

Kitu kimoja cha kuelewa kwanza

Kuna karatasi za majaribio za aina tatu, na watu huziita zote "testi". Ya kwanza hutolewa na printa yenyewe, bila kompyuta. Ya pili hutolewa na mfumo wa kompyuta, yaani Windows au CUPS. Ya tatu hutolewa na programu ya mtengenezaji, ile iliyokuja na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa), na mara nyingi kazi yake ni kuonyesha matundu ya wino tu. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyopita kwenye Word, LibreOffice au kisomaji cha PDF. Kuitegemea testi peke yake ni sawa na kufungua koki ya uani, ukaona maji yanatoka, ukatangaza kwamba jikoni nako yapo.

Nadharia inaishia hapo. Twende kazini.

Hatua ya 1: Ipime printa peke yake

Chomoa kebo ya USB. Kama ni ya WiFi, iache kompyuta imezimwa. Sasa iamuru printa itoe karatasi yake ya ndani. Namna ya kufanya hivyo hutofautiana kwa kila modeli:

- Printa yenye skrini: ingia menyu ya mipangilio au ya ripoti, utakuta ripoti ya hali ya printa au ya mtandao.
- Epson za chupa kama L3110: izime, shikilia kitufe cha kusimamisha kazi, kisha iwashe huku bado umekishikilia. Achia taa ya umeme ikianza kuwaka na kuzima. Itatoa mistari ya matundu ya wino.
- HP LaserJet ndogo kama P1102: ikiwa imewaka na imetulia, shikilia kitufe cha kughairi mpaka taa ya utayari ianze kupepesa, halafu achia.

Ikitoka safi, umejua kwamba mashine inavuta karatasi, na kwamba wino au tona inafika kwenye karatasi. Basi. Kebo haijapimwa, draiva haijapimwa, mtandao haujapimwa. Ikitoka na mistari myeupe au madoa, tatizo liko ndani ya mashine na hakuna draiva itakayoliponya. Ruka uende hatua ya 8.

Usiitupe karatasi hii. Kwa printa za mtandao huwa imebeba maelezo yanayotoka kwa mashine yenyewe: namba ya modeli halisi, idadi ya kurasa ilizokwisha kuchapa, na anwani ya IP, yaani namba ya printa kwenye mtandao. Utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Linganisha anwani

Hii ni kwa printa za mtandao. Kama yako ni ya USB, soma aya ya mwisho ya hatua hii tu.

Kwenye Windows fungua "Printers & scanners", chagua printa, ingia "Printer properties", kisha kichupo cha "Ports". Mstari wenye alama ya tiki ndio mlango unaotumika, yaani njia ambayo kompyuta inapitishia kazi kwenda kwa printa. Kwenye Linux fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`lpstat -v`

Utaona kitu kama `socket://192.168.1.5:9100` au kinachoanza na `ipp://`. Linganisha namba hiyo na iliyo kwenye karatasi ya hatua ya 1. Zikitofautiana, tatizo umelipata. Hutokea sana baada ya umeme kukatika: ruta inawaka upya, inagawa anwani upya, printa iliyokuwa .5 inakuwa .9, na kompyuta inaendelea kutuma kazi kwenye .5 ambako siku hizo huenda ipo simu ya mtu wa mapokezi. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta ukaitengea printa anwani yake isiyobadilika. Kubadilisha namba kwenye kompyuta pekee kutakutuliza mpaka umeme ukatike tena.

Ukiona anwani ya printa inaanza na 169.254, printa haijapewa anwani na ruta kabisa. Rudi kwenye WiFi yake kwanza.

Kwa wa USB: ukihamisha kebo kutoka tundu moja la kompyuta kwenda jingine, Windows inaweza kuiona kama printa mpya na kuunda nakala yenye "Copy 1" mwishoni mwa jina, kwenye mlango USB002 badala ya USB001. Sasa unazo printa mbili kwenye orodha, moja hai na moja mfu, na zina jina karibu lile lile. Testi unaitoa kwenye iliyo hai, huku barua inakwenda kwa ile mfu.

Hatua ya 3: Toa testi ya mfumo, kisha isome

Windows: kwenye ukurasa wa printa bonyeza "Print test page". Linux: fungua kivinjari uende `http://localhost:631`, chagua "Printers", bonyeza jina la printa, na kwenye menyu ya "Maintenance" chagua "Print Test Page".

Wengi wakiiona inatoka wanaitupa. Isome. Kwenye ya Windows tafuta mistari mitatu: jina la printa, mlango, na jina la draiva. Andika alama pembeni. Utashangaa ni mara ngapi mlango uliochapwa pale sio unaotumiwa na barua.

Tahadhari mbili hapa.

Ya kwanza: modeli iliyoandikwa kwenye testi ya mfumo haikutoka kwa printa. Imetoka kwenye draiva. Ukiweka draiva ya modeli nyingine iliyo karibu, testi itajivunia jina la modeli hiyo na kutoka vizuri, kisha kurasa mbili mbele na nyuma zikagoma kwa sababu draiva haijui kuwa mashine yako inaweza kugeuza karatasi. Jina la kuaminika ni lile la karatasi ya hatua ya 1, au la kibandiko kilicho nyuma ya mashine.

Ya pili: Windows ikikuonyesha ujumbe kwamba ukurasa umetumwa kwenye printa, imesema ukweli, imetuma. Haijasema umetoka. Kwenye CUPS neno "completed" nalo ni la kuchunga. Kazi ikipelekwa moja kwa moja kwenye mlango 9100, kompyuta ikishamaliza kusukuma data inaiandika kazi kuwa imekamilika. Kama upande wa pili printa imeishiwa karatasi au imeitupa kazi kwa kutoielewa, kompyuta haina habari. Ushahidi ni karatasi iliyo mkononi, si neno lililo kwenye skrini.

Hatua ya 4: Hakikisha barua inapita foleni ile ile

Testi huitoa ukiwa umeshaichagua printa. Barua huitoa kwa Ctrl na P, halafu Enter haraka haraka, na inakwenda kwenye printa yoyote iliyo chaguo la kwanza. Kwenye Windows 10 na 11 kuna mpangilio unaoitwa "Let Windows manage my default printer". Ukiwa umewashwa, printa uliyoitumia mara ya mwisho ndiyo inakuwa chaguo la kwanza. Jana umehifadhi PDF kwa "Microsoft Print to PDF", leo barua zako zinageuka kuwa PDF. Uzime, kisha uweke mwenyewe printa unayoitaka.

Kwenye Linux amri ni:

`lpstat -p -d`

Mstari wa mwisho unataja chaguo la kwanza. Na kama foleni (orodha ya kazi zinazosubiri kuprintiwa) imeandikwa "disabled", ifungue kwa `cupsenable` ikifuatiwa na jina lake.

Chaguo la kwanza ni la kila mtumiaji peke yake. Ndiyo maana nimesema kaa kwenye akaunti ya anayelalamika. Fundi anaingia kwa akaunti ya msimamizi, testi inatoka, anaondoka. Mwenye kompyuta anarudi kwenye akaunti yake na tatizo linamsubiri.

Vivyo hivyo kwa ofisi zenye printa moja iliyoshirikishwa kutoka kompyuta ya katibu muhtasi. Testi iliyotoka kwenye kompyuta ya katibu haisemi lolote kuhusu kompyuta ya mhasibu. Kila moja ina draiva yake na mipangilio yake. Itoe upya pale kwa mhasibu.

Hatua ya 5: Ukubwa wa karatasi na trei

Ningeambiwa nichague hatua moja tu katika zote, ningechagua hii.

Huku kwetu tunatumia A4: milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia Letter: takriban milimita 216 kwa 279. Programu nyingi zikisakinishwa kwa Kiingereza cha Marekani huchukulia kwamba unatumia Letter. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kwa printa ni kubwa: inaombwa Letter, trei ina A4, basi inasimama na kuwasha taa ikisubiri uweke karatasi ambayo huenda hujawahi kuishika. Mtu anaangalia taa, anadhani karatasi imekwama, anafungua milango yote ya mashine.

Testi hailionyeshi tatizo hili kwa sababu inafuata ukubwa uliowekwa kwenye printa. Barua inakuja na ukubwa wake yenyewe. Kama printa imewekwa A4 na barua ni Letter, testi itatoka siku zote na barua itagoma siku zote, au itatoka imekatwa chini. Kagua sehemu zote mbili:

1. Kwenye printa. Windows: "Printing preferences", tafuta ukubwa wa karatasi. Linux: andika `lpoptions -p JINA -l | grep PageSize`, ukiweka jina la printa yako badala ya JINA. Ukubwa wenye nyota mbele yake ndio uliowekwa. Kubadilisha: `lpadmin -p JINA -o PageSize=A4`.
2. Kwenye barua. Word: kichupo cha "Layout", kisha "Size". LibreOffice: menyu ya "Format", kisha "Page Style", kichupo cha "Page".

Ukiwa hapo kwenye Word, fungua dirisha kamili la "Page Setup" uende kichupo cha "Paper". Kuna orodha mbili za trei: ya ukurasa wa kwanza na ya kurasa nyingine. Barua zinazorithiwa kutoka ofisi hadi ofisi, zile za "chukua ya mwaka jana ubadilishe tarehe", mara nyingi zimebeba agizo la mtu aliyekuwa akiweka karatasi yenye nembo kwa mkono. Ikiwa imeandikwa "Manual feed", printa yako itasubiri mkono wako hata trei ikijaa pomoni. Rudisha iwe chaguo la kawaida la printa.

Hatua ya 6: Tengeneza karatasi yako ya majaribio

Tumia programu unayofanyia kazi kila siku. Kama ofisi ni ya Word, itengeneze kwa Word. Weka:

- Fremu nyembamba ya mstari mweusi, sentimita moja kutoka kila ukingo. Ikitoka, pima kwa rula pande zote nne. Testi ya Windows haigusi kingo, kwa hiyo haiwezi kukuambia kama barua yako itakatwa.
- Aya moja ya maandishi madogo, saizi 8, kwa fonti ile ile ya barua za ofisi yenu.
- Utepe wa kijivu cha nusu unaovuka ukurasa mzima kutoka kushoto kwenda kulia. Huu ndio unaofichua mistari ya ngoma (silinda inayozunguka ndani ya printa ya tona) na tona inayoishia upande mmoja. Testi za mfumo zina weupe mwingi mno kuonyesha hilo.
- Miraba saba ya rangi: samawati ya printa (cyan), majenta (magenta), njano, nyeusi, kisha nyekundu, kijani na bluu. Sababu utaiona hatua ya 8.
- Picha ndogo ya uso wa mtu. Iwe yako mwenyewe, usichukue picha ya mteja.
- Ukurasa wa pili wenye maneno "UKURASA WA PILI, JUU" ili kupima uchapaji wa pande mbili.
- Tarehe na saa inayojibadilisha yenyewe.

Lihifadhi kama hati ya kawaida, na pia kama PDF. Weka mafaili yote mawili kwenye flashi. Kazi ya robo saa, na utaitumia kwa miaka.

Hatua ya 7: Printi karatasi yako kwa njia tatu

Toa karatasi yako kutoka kwenye programu uliyoitengenezea. Kisha toa ile PDF kutoka kwenye kisomaji cha PDF. Mwisho fungua Notepad, au kihariri chochote cha maandishi matupu, andika mstari mmoja, uprinti. Wa Linux mnayo njia ya nne, iliyo bora kuliko zote kwa sababu haipiti kwenye programu yoyote yenye dirisha:

`lp -d JINA karatasi.pdf`

Sasa soma matokeo:

Notepad imetoka, nyingine hazikutoka: printa na njia ni nzima. Shaka inaangukia draiva au uzito wa kazi. Printa ndogo ya tona huweza kuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2 tu, na ukurasa uliojaa picha ukaishinda.

PDF imegoma, Word imetoka: kwenye Adobe Reader bonyeza "Advanced" ndani ya dirisha la kuprinti, weka tiki kwenye "Print As Image". Ikitoka, tatizo ni fonti au michoro iliyo ndani ya PDF hiyo, wala printa haihusiki.

Word imegoma, PDF ya hati ile ile imetoka: rudi hatua ya 5, hukuikagua hati vizuri.

Zote zimetoka, lakini faili lililogoma bado linagoma: faili ndilo lenye tatizo. Usiendelee kuipekua printa.

Usidharau hata jambo linaloonekana la kipuuzi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 watumiaji wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, waliripoti kwamba OpenOffice haiprinti siku za Jumanne. Walichekwa, mpaka sababu ikapatikana: zana inayotambua aina za mafaili ilikuwa ikiona kifupisho cha Kiingereza cha Jumanne kwenye mstari wa tarehe ndani ya faili la kuprinti, ikadhani ni faili la Erlang, lugha ya kuandikia programu, na kazi ikapotelea hapo. Ile saa inayojibadilisha kwenye karatasi yako sio pambo.

Hatua ya 8: Rangi na ubora

Printa za wino: toa mistari ya matundu ya wino kutoka kwenye mashine au kwenye programu ya mtengenezaji. Mstari ukiwa na mapengo, matundu yameziba. Safisha kichwa mara moja, toa mistari tena, linganisha. Usisafishe mara sita mfululizo. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji ya wino taka, na sponji ikijaa printa inajifunga kabisa. Ukisafisha mara tatu bila mabadiliko, iache ipumzike usiku mzima, kisha ujaribu asubuhi.

Usiitumie testi ya Windows kuhukumu rangi. Rangi yake ni kidogo, na nembo ya bluu inaweza kutoka vizuri huku wino wa njano umekauka siku nyingi. Tumia miraba yako saba ya hatua ya 6. Nyekundu huundwa na majenta na njano, kijani na samawati na njano, bluu na samawati na majenta. Kwa hiyo:

- Nyekundu imetoka njano, na bluu imetoka samawati: majenta haipo. Hao ndio wenye picha za pasipoti za sura za kijani.
- Kijani kimetoka njano, na bluu imetoka majenta: samawati haipo.
- Nyekundu imetoka majenta, na kijani kimetoka samawati: njano haipo.

Mistari ya matundu ikiwa kamili na miraba bado ina kasoro, angalia aina ya karatasi iliyochaguliwa kwenye draiva. Ukiweka karatasi ya picha na kuiacha draiva kwenye karatasi ya kawaida, au kinyume chake, wino unatoka kwa kipimo kisicho chake.

Printa za tona: angalia utepe wa kijivu wa karatasi ya hatua ya 6. Mstari mweupe wa wima unaoshuka ukurasa mzima mara nyingi ni tona isiyofika sehemu hiyo. Doa linalojirudia kwa umbali ule ule kwenda chini ni kitu kinachozunguka, ngoma au rola. Pima umbali huo kwa rula, mwambie fundi hizo milimita, naye atajua ni kipi kwa kulinganisha na mzingo wa kila kimoja.

Ikigoma bado

*Zinatoka kurasa nyingi zenye alama zisizosomeka, au zinazoanza na `%!PS` au `@PJL`.* Printa inapewa lugha isiyoielewa na inaichapa kama maandishi. Draiva sio yake. Ghairi kazi zote kwanza, zima printa, kisha weka draiva ya modeli iliyo kwenye kibandiko. Ukisahau kughairi, ikiwaka tu itaendelea kumaliza rimu yako.

*Windows inaonyesha "Offline" ilhali printa imewaka na anwani ni sahihi.* Fungua foleni yake, na kama ina menyu ya "Printer", hakikisha "Use Printer Offline" haina tiki. Kama haina, rudi kwenye "Ports", bonyeza "Configure Port", toa tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Mara nyingi printa ni nzima, ila swali la Windows la "uko hai?" halijibiwi.

*Testi ndiyo haitoki, barua zinatoka.* Hutokea pia, hasa kwenye CUPS, kwa sababu testi yake hutengenezwa na kichujio chake chenyewe ambacho barua zako hazikitumii. Kama kazi zako za kweli zinatoka sawasawa, achana na testi.

*Ruta ina mtandao wa wageni.* Kompyuta ikiwa kwenye mtandao wa wageni na printa ikiwa kwenye wa ofisi, kwa kawaida hazionani hata kama zote zina intaneti. Ihamishe moja.

*WiFi inasumbua na huelewi.* Sasa ndipo ile kebo ya USB inapoingia. Unganisha, ongeza printa upya kwa USB, toa karatasi yako ya hatua ya 6. Ikitoka, tatizo ni mtandao na si kingine.

*Kazi moja imekwama juu ya foleni na haifutiki.* Windows: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `net stop spooler`, futa vilivyomo ndani ya folda `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS` lakini folda yenyewe uiache, kisha `net start spooler`. Linux: `cancel -a`.

*Linux, na umemaliza yote.* Washa kumbukumbu za kina kwa `cupsctl --debug-logging`, printi faili linalogoma mara moja tu, kisha fungua `/var/log/cups/error_log` usome kutoka chini kwenda juu ukitafuta namba ya kazi yako. Ukiomba msaada kwa mtu, mtumie kipande hicho pamoja na karatasi ya hatua ya 1, ukitaja draiva uliyoweka. Ukimaliza zima kwa `cupsctl --no-debug-logging`, maana faili hilo linanenepa haraka.